Profesa Layton: kijiji, treni au London? Naomba ulinganisho wa mahali na hadithi

Kahawa Chungu (Njiro, Arusha)

Wakuu, poleni na majukumu. Mwezi huu nina hela ya gemu moja tu la simu, na nimeshaamua litakuwa Profesa Layton, yale magemu ya hadithi na kutegua mafumbo. Kinachonisumbua ni lipi kati ya matatu ya mwanzo: la kijiji cha St. Mystere, la treni na sanduku linaloua, au la London ya miaka kumi mbele.

Hesabu ya mafumbo msinipe. La kwanza lina zaidi ya 130, la pili zaidi ya 150, la tatu limepita 160. Hayo nimeshayaona na hayajanisaidia kitu. Mimi nauliza mahali na hadithi. Nikizima simu saa tano usiku, ni mji upi nitalala nao kichwani? Jamaa yangu mmoja ananiambia nianze na la tatu kwa kuwa ndilo bora, mwingine anasema nikianza na hilo nimejiharibia. Nikiwabana waeleze, wote wawili jibu lao ni "we cheza tu utaona".

Sharti ni moja: msimwage mtama. Miisho kaeni nayo.

Chalii wa Sakina

Oya, la tatu, wala usijiulize.

Sikia linavyoanza. Profesa kapata barua kutoka kwa Luke, yule dogo msaidizi wake. Sasa Luke mwenyewe yuko pembeni yake hapo, hajaandika barua yoyote. Barua ni ya Luke wa miaka kumi ijayo, anaomba msaada, London imeharibika. Na siku chache nyuma kulikuwa na maonyesho ya mashine ya kusafiri kwenye wakati: waziri mkuu kaketi ndani, mlipuko, moshi ukitulia hayupo.

Halafu lile duka la saa. Mnaingia, lile lisaa likubwa linaanza kugeuza magurudumu yake, mkitoka mlangoni mtaa ni uleule ila siyo. Chukulia kesho unaamka, unashuka mjini, Mnara wa Saa upo palepale, lakini kuanzia hapo mpaka Kilombero hakuna hata mmoja anayekufahamu, na unaambiwa anayetisha mji mzima ni wewe. Hiyo ndiyo London ya la tatu.

Na kofia. Ile kofia ndefu havui kamwe, mpaka unaizoea kama sehemu ya kichwa. Humu ndimo utajua ilitoka kwa nani. Mimi na ndevu zangu nimelia, tena ndani ya hiace ya Ngaramtoni, konda ananiangalia.

Shamba la Ndizi

Nakaa siti ya mbele hapa, nafuatilia.

MamaNeema (Moshi)

Chalii, hayo machozi siyapingi, nami yalinitoka. Ila ulilia kwa sababu ulikuwa umeshatembea na yule bwana magemu mawili. Umemwona anakunywa chai, umemwona anamnyoosha Luke taratibu bila kumfokea. Mtu anayekutana naye kwa mara ya kwanza ndani ya la tatu ataona tu mwanamume mwenye kofia ana huzuni. Kahawa Chungu, jamaa yako wa pili ana haki.

Mimi nasema kijiji. Nieleze vizuri maana swali lako ni zuri na nimelifikiria siku nyingi (ni mwalimu wa hisabati, samahani kwa urefu).

Hadithi yenyewe fupi: tajiri mmoja, Baroni Reinhold, kafa, na kwenye wosia kaandika kwamba atakayepata Tufaha la Dhahabu ndiye mrithi. Mjane wake anamwandikia Profesa. Ukifika, daraja la kuingilia limeinuliwa, na mlinzi hakushushii mpaka utafute tundu linaloendana na mkono wa kuzungushia mashine. Unaingia, unamuuliza mtu njia, anakuambia kwanza tegua hili. Mwenye mgahawa vilevile. Mzee kakaa mtaani, naye ana lake. Na kuna mnara mrefu ukingoni ambao hakuna anayetaka kuuongelea.

Mtu mzima akicheza saa moja anaanza kukereka. Kijiji gani hiki, watu hawana kazi nyingine? Nilijisemea ni uvivu wa watengenezaji, wamebandika mafumbo popote. Kumbe swali hilohilo ndilo hadithi yenyewe, na linajibiwa. Sisemi zaidi. Kwenye la pili na la tatu watu wanakutegea vitendawili kwa sababu uko ndani ya gemu, basi. Kwenye la kwanza wana sababu.

Sasa kitu kimoja cha nyumbani. Kuna fumbo la mbwa mwitu watatu na vifaranga watatu wa kuvusha mto. Chombo kinabeba wawili, na mbwa mwitu wakizidi vifaranga upande wowote, vifaranga wameliwa. Mimi namsomea mwanangu wa darasa la nne kwa Kiswahili maana maandishi yote ni Kiingereza. Hata sijamaliza akaniambia, "Mama, hii si ile ya chui, mbuzi na majani?" Akaenda jikoni akarudi na maharage matatu na punje tatu za mahindi, mfuniko wa chupa ya maji ukawa chombo. Alivusha na kurudisha kwenye meza mpaka ugali ukapoa. Aliposhinda hakutaka kugusa simu, alitaka nihakikishe kwanza kwamba hakuna harage lililoiba.

Fundi Saa

Heshima kwako mwalimu. Mimi ni wa treni, na sababu yangu ni ya kipuuzi kidogo.

Treni yetu iliporudi Moshi mwaka 2019, na Arusha mwaka uliofuata, nilijiahidi nitaipanda bila kuwa na safari. Nikapandia Moshi, nakuja Arusha, nimeacha basi ambalo lingenifikisha mapema kuliko hiyo. Mkononi nina gemu la pili. Ndani ya gemu, mwalimu wa Profesa Layton, Dakta Schrader, kakutwa amekufa baada ya kupata sanduku linalosemekana kumuua kila alifunguaye. Sanduku halipo. Kilichobaki ni tiketi ya treni ya kifahari, Molentary Express, isiyoandikwa inakokwenda. Niliitoa tiketi yangu mfukoni nikaiangalia. Yangu imeandikwa.

Sasa mahali. Treni ni chumba kirefu kilichokatwa vipande. Ukitaka kumkwepa mtu huwezi, ukitaka kumfuata unavuka mabehewa, na kila behewa lina daraja lake la watu, wenye nazo huku, wengine kule. Hadithi inakubana humo. Halafu inashuka kijijini Dropstone, wanasherehekea miaka 50 tangu kianzishwe, bendera na magenge ya vyakula, unadhani umepumzika. Kisha unafika Folsense usiku, taa zinawaka barabara nzima na muziki wa akodioni na fidla wa Tomohito Nishiura unakuja taratibu. Mji ule nilikaa nao wiki nzima. Nikitengeneza saa ya mtu namwazia yule anayekaa kwenye kasri.

Kuna na chai. Unakusanya viungo, unachanganya vitatu, ukipatia unapata chai ya jina lake, na watu unaokutana nao wanakuomba uwapikie. Na panya mnene wa kufugwa unamfanyisha mazoezi. Havina uhusiano wowote na sanduku, nami nilivipenda kuliko sanduku.

Kosa la gemu hili ni maelezo ya mwisho. Nilipoyasoma niliirusha simu kitandani (kitandani, si ukutani, mimi ni fundi). Mji umenijengea siri kubwa namna ile, halafu ufunguo wake ni ule! Lakini swali lilikuwa mji gani utabaki kichwani. Sababu yake nimeshaisamehe, mji bado ninao.

Mjukuu wa Mangi

Nyote mnazunguka mbuyu. Magemu haya matatu yana hila moja: mahali si pale unapopaona. Kijiji si unachodhani, mji si unaodhani, London si unayodhani. Ukishalijua la kwanza, la pili unaanza kuchungulia nyuma ya pazia tangu dakika ya kwanza, na la tatu unabaki kusubiri tu wakwambie. Uandishi gani huo?

Tena tatizo ni kubwa kuliko hapo. Kwa Layton unaambiwa. Watu wamesimama mahali pamoja wanangoja uwaguse wakusimulie. Mwishoni Profesa ananyoosha kidole, anaeleza kila kitu kwa mpangilio kama anasoma hukumu. Mahali penyewe pamechorwa vizuri, nakubali, lakini ni pazia la jukwaani.

Anayetaka mahali panaposimulia penyewe atafute kompyuta acheze gemu la Riven, la kampuni ya Cyan, walilolitoa mwaka 1997 baada ya gemu lao la Myst. Wakati huo ilikuja kwenye CD tano, na mwaka 2024 wameijenga upya. Hakuna wa kumuuliza. Uko visiwani peke yako, na watu ukiwaona wanakimbia. Utajifunzaje namba zao? Kuna chumba cha shule kando ya ziwa, watoto hawapo, mezani kuna mdoli. Vijitu viwili vinaning'inia kwenye kamba juu ya mnyama wa majini. Unazungusha mkono, inatokea alama ya namba, na kijitu kimoja kinashuka hatua kadiri ya namba hiyo. Kikifika chini kinaliwa. Unahesabu hatua, unaandika kwenye daftari, umejua namba. Dakika tano baadaye ndipo inakugonga: mtawala wa hapa, Gehn, anawafundisha watoto kuhesabu kwa watu wanaoliwa na mnyama. Hakuna aliyekwambia. Mdoli umekwambia.

Nionyesheni kitu kama hicho kwenye Layton.

Chalii wa Sakina

Mangi, jamaa kauliza la simu, lipi kati ya matatu. Wewe umemletea kompyuta na daftari.

Mgeni77

Mbona mnazungushana na hicho kijiji, kwani kuna asiyejua kwamba wale watu wote ni [sehemu hii imefutwa na msimamizi]

Msimamizi

Mtama umezolewa. Mgeni77, soma posti ya kwanza kabla ya kuandika. Kahawa Chungu, kama uliwahi kuona, pole.

Kahawa Chungu

Sikuona, nilikuwa kwenye foleni ya gesi. Mungu anipe nini tena.

Mangi, hiyo ya mdoli nimeielewa na imenisisimua, nitaitafuta siku nikiwa na kompyuta. Lakini kwa sasa endeleeni na matatu.

MamaNeema (Moshi)

Mjukuu wa Mangi, nijibu mawili.

Kwanza hila moja. Utotoni sungura alimdanganya fisi kila jioni, na kila jioni tulijua atamdanganya. Tulikuwa tunasubiri kuona safari hii kwa njia gani. Mimi nilipofika la pili nikijua kwamba mji unanificha kitu, sikuchoka, nilianza kuukagua. Hapo ndipo Folsense inapomzidi St. Mystere, nampa Fundi Saa hiyo.

Pili, kwamba mahali ni pazia tu. Unakumbuka sarafu za dondoo? Kila fumbo la kijiji lina dondoo tatu, na kila moja unainunua kwa sarafu. Sarafu zimefichwa kwenye picha: gusa taa, gusa dirisha, gusa pipa, gusa bomba la moshi juu ya paa. Mwanzoni unagusa ovyo. Baada ya vichochoro kumi unaanza kuangalia kila picha kama unatafuta pete iliyoanguka, na humo ndimo unaona vitu ambavyo hakuna aliyekutajia. Mimi ukuta mmoja wa kijiji kile ulinisumbua muda mrefu kabla hadithi haijaufikia. Sikuambiwa. Nilikuwa natafuta sarafu.

Kuna historia pia inayoeleza kwa nini la kwanza limefungamana hivyo. Akira Tago alikuwa profesa wa saikolojia Chiba, Japani, na tangu 1966 alikuwa akitoa vitabu vya chemsha bongo. Akihiro Hino, mwenye kampuni ya Level-5, alivisoma akiwa mtoto. Alipokuja kutengeneza gemu, mafumbo ya Tago ndiyo yaliyotangulia, hadithi ikatafutwa ya kuyabeba. Kwa hiyo nadhani wakalazimika kujiuliza: ni mahali gani duniani ambapo mtu akitegewa fumbo kila hatua mbili si ajabu? Kijiji kile ndicho jibu. La kwanza lilitoka Japani Februari 2007, la pili Novemba mwaka huohuo, la tatu Novemba 2008. Kwa kasi hiyo swali hilo halikuulizwa tena, nadhani hawakuwa na muda.

Tago alifariki mwaka 2016. Mwanangu anamwita "yule babu wa vifaranga".

Mjukuu wa Mangi

Ya sarafu nakubali. Sikuwahi kuifikiria hivyo, mimi nilikuwa nazikusanya kama mtu anayeokota embe.

Ya sungura sikubali. Hadithi ya sungura ni ya dakika kumi, hii ni ya saa kumi na tano.

Kijiti

Naomba niongeze ya upande wa pili, hata kama hayapo kwenye simu. Mimi nina mashine ya magemu ya Nintendo 3DS ya mtumba. Nilinunua kibanda kimoja cha vifaa vya simu hapa mjini, jamaa akaniapia kila kitu kipo, nafika nyumbani kalamu yake ya kugusia kioo haipo. Narudi, kibanda kimefungwa, na mpaka leo kimefungwa. Natumia kijiti cha mshikaki nilichokisugua kwenye sakafu kikawa butu. Ndiyo maana ya jina.

Kuna matatu mengine yanayorudi nyuma, kabla ya St. Mystere, jinsi Profesa alivyokutana na Luke. Misthallery, mji wa mifereji na ukungu, ambako jitu la kivuli linabomoa nyumba usiku: mahali pazuri sana, pengine pananishika kuliko Folsense. Monte d'Or, mji wa starehe uliojengwa jangwani, mtu mwenye barakoa anageuza watu mawe: hadithi inapishanisha sasa na ujana wa Profesa, na ule ujana ndio mtamu.

La tatu lao, liitwalo Azran Legacy, ndilo ninalotaka lisomwe na kila anayedhani mahali pengi ni hadithi kubwa. Unapewa chombo cha angani, Bostonius, unazunguka dunia. Kila kituo kina shida yake, unaitatua, unapanda, unaondoka. Ni kama basi la Dar: unafika Same unanunua karanga, unafika Mombo unakula, unafika Korogwe unanunua machungwa, na jioni mtu akikuuliza Same pakoje huna la kumwambia zaidi ya karanga. St. Mystere ni kijiji kimoja, lakini nikiamshwa usiku nakuelekeza kutoka uwanjani mpaka kwenye mnara.

Fundi Saa

Kijiti umenimaliza na Mombo.

Na hapo umenionyesha kwa nini London ya Chalii hainishiki. Ni kubwa. Mitaa ni mingi, watu ni wengi, na nusu yao hawana habari na hadithi. Duka la saa tu ndilo nililipenda. Kwenye lile duka nilisahau kusikiliza wanachosema, niko kwenye meno ya magurudumu. Ningekaa humo hadithi nzima.

Chalii wa Sakina

London ni kubwa kwa sababu ni mji mkuu, mlitaka waijenge kama Tengeru?

Ila sawa. Nimesoma ya mwalimu mara mbili, nikajiuliza: hivi ningemlilia Profesa kama ningeanzia hapo? Sijui ningelia. Pengine ningesema tu "daah". Jamaa aanze na kijiji. Lakini Kahawa, uniahidi la tatu utalifikia, na ukilifikia usicheze kwenye hiace.

Shamba la Ndizi

Mimi niliyekaa siti ya mbele nimenunua la treni. Fundi Saa kaniuzia kwa ile chai.

Kahawa Chungu

Wakuu, mrejesho. Jana jioni nimelipia kijiji. Nililipakua kwa Wi-Fi ya ofisini nikajifanya nina kazi za kumalizia. Nimeshashusha daraja, nimemwona mjane, nimeuona mnara. Sarafu natafuta kwenye kila dirisha mpaka mke wangu kauliza kama nimepoteza kitu ndani ya simu.

Lakini nimekwama mahali pa aibu. Mishumaa kumi inawaka chumba cha kulia. Upepo umeingia dirishani, umezima miwili. Baadaye umezima mmoja tena. Ukafunga dirisha, upepo hauzimi mwingine. Mwishoni utabaki na mishumaa mingapi? Nimejibu saba. Nimekosa, na alama za fumbo zimepungua. Nimerudia hesabu, kumi toa mbili toa moja. Ni saba! Sitaki jibu, na sarafu sitaki kutumia kwa kutoa ya darasa la pili. Nipeni mwanga tu.

Mjukuu wa Mangi

Hahaha. Soma neno "mwishoni" taratibu.

MamaNeema (Moshi)

Kahawa, huko Njiro umeme haukatiki? Ukikatika usiku, mkawasha mishumaa mkapitiwa na usingizi, asubuhi ni ipi mnayoikuta mezani?

Kahawa Chungu

Aisee.